UZI: Dipu imekuwa nzito, ina chenga au imekatika? Kabla hujamimina mafuta, pitia hapa

#1 Jiko la Nyuma (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu, na poleni na majukumu.

Uzi huu ni wa wale tunaotengeneza dipu wenyewe nyumbani, yaani zile rojo za kuchovya mkate, karoti au chipsi: humusi (ya dengu), gwakamole (ya parachichi), dipu ya mtindi na tango, ya biringanya, ya jibini, mayonezi na jamii yake. Ladha mara nyingi si tatizo. Ladha unaionja, unaongeza chumvi, unakamua limau, mambo yanakaa sawa. Kinachotushinda wengi ni namna dipu inavyokaa mdomoni. Unafuata vipimo vyote, halafu unapata kitu chenye chenga, au kizito kama udongo wa kufinyangia, au kinachoachia maji pembeni mwa bakuli kabla hata wageni hawajakaa.

Kwa miaka kadhaa dawa yangu ilikuwa moja: ikiwa nzito, naongeza mafuta. Ilikuwa inabaki nzito vilevile, na sasa ina mafuta. Nilipokuja kuelewa kwamba nilichokuwa nakikosa ni MAJI, upishi wangu wa dipu ulibadilika wote. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Karibu kila dipu ina vitu vitatu ndani yake: chembe (za dengu, ufuta, parachichi, jibini), maji na mafuta. Ulaini unatokana na namna hivyo vitatu vinavyoishi pamoja. Chembe zikiwa kubwa, unazisikia ulimini. Maji yakiwa machache, chembe zinashikana na kuwa donge. Maji yakiwa mengi na hayajashikwa na kitu, yanajitenga. Mafuta nayo yakikosa cha kuyabeba yanaelea juu. Kwa hiyo kabla ya kuongeza chochote jiulize: maji yako wapi?

Mfano mzuri kuliko yote ni tahini, ile rojo ya ufuta. Ndani yake kuna mafuta mengi na chembe kavu. Maji karibu hakuna kabisa. Ukikamulia limau kidogo tu, zile chembe zinayagombania maji, zinang'ang'aniana, na tahini inajikaza mpaka mwiko unasimama. Hapo wengi wanaogopa, wanadhani wameiharibu, wanachukua chupa ya mafuta. Usifanye hivyo. Endelea kutia maji baridi, kijiko kimoja kimoja, huku unakoroga kwa nguvu. Itafika mahali itaachia ghafla: rangi inakuwa nyeupe, inateleza, inadondoka kwenye mwiko kama uji mwepesi. Maji sasa yametosha kuyazunguka matone ya mafuta na kuyabeba. Siagi ya karanga inafanya hivyohivyo. Ukitengeneza dipu ya karanga ikagoma katikati, ujue hujafika tu.

Utaratibu wangu siku hizi: sijaribu dawa kwenye bakuli zima. Nachota kijiko kimoja cha dipu naweka kwenye kisosi, kijiko kingine kisosi cha pili. Cha kwanza natia matone ya maji ya uvuguvugu, cha pili matone ya mafuta. Nakoroga, naangalia, naonja. Nusu dakika tu, na bakuli linabaki salama.

Halafu sugua dipu kidogo kati ya vidole viwili. Ukisikia vitu laini vinavyokunjamana, hayo ni maganda. Ukisikia punje ngumu zinazokwaruza, kilichomo hakikuiva. Dawa zake ni tofauti, na kusaga zaidi peke yake hakusaidii sana upande wowote.

Karibuni na matatizo yenu. Elezeni dipu ni ya nini, mmetumia chombo gani, na ilianza kuharibika wakati gani.

#2 Mgeni Jikoni

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Mimi ni humusi. Natumia dengu za kopo, zile nene za mviringo zenye kijichongo. Nasaga mpaka blenda inapata moto lakini bado ina chengachenga. Nimeongeza mafuta ya zeituni mara tatu, sasa inang'aa tu. Nifanyeje?

#3 Jiko la Nyuma

Karibu Mgeni. Dengu za kopo zimeiva kiasi cha kuliwa kwenye saladi, lakini kwa humusi bado ni ngumu. Zimwage kwenye sufuria, tia maji yazifunike, weka nusu kijiko cha chai cha magadi soda, chemsha dakika 15 hadi 20. Unataka zifike mahali ukibonyeza moja kwa kidole na gumba inapondeka yote bila kubakiza kiini kigumu. Zikionekana zimepasuka na kuchakaa, hapo ndipo penyewe.

Magadi soda inafanya kazi hivi: kuta za chembe za mimea zimeshikwa na pektini, kama saruji kati ya matofali. Maji yenye magadi yanailegeza hiyo saruji, dengu zinabomoka na maganda yanalainika. Vitu vichachu hufanya kinyume chake, vinaikaza. Kwa hiyo limau au nyanya visiingie kwenye sufuria mpaka dengu ziwe zimeiva kabisa. Maji yenye chumvichumvi nyingi za kalsiamu nayo hukaza; kama birika lako huota ukoko mweupe, basi magadi kidogo ni muhimu zaidi kwako.

Kwa anayeanza na dengu kavu: loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa maji mapya na kile kijiko nusu cha magadi kwa gramu 250 hivi za dengu kavu.

Kwenye kusaga, mpangilio una maana. Anza na tahini, limau, chumvi na kitunguu saumu peke yao. Ongeza maji ya barafu kidogo kidogo mpaka ipauke na kulainika kama nilivyoeleza juu. Ndipo uingize dengu zikiwa bado na joto. Zikipoa, wanga wake unakaza na haziwi laini kwa urahisi. Saga dakika nne, tano, ukisimama kukwangua pembeni. Usichoke mapema.

Hiyo uliyoitia mafuta mara tatu, usiitupe. Chemsha kopo lingine la dengu vizuri, saga na maji ya barafu bila mafuta kabisa, kisha changanya na ya zamani. Pitisha zote kwenye chujio la waya ukisukuma na mgongo wa kijiko. Kazi ipo, lakini utaipenda.

#4 Mama Wawili

Naomba niongezee hapo kwa mwanzisha uzi, na nisahihishe kidogo. Nusu kijiko ni mwisho. Mimi niliwahi kutia kijiko kizima nikidhani nitapata laini zaidi, humusi ikawa na ladha ya sabuni na hakuna limau lililoiokoa. Na baada ya kuchemsha, mwageni maji hayo na muzisuuze dengu.

Kwa mwenye nafasi, kumenya maganda bado ni njia bora kuliko zote kwa jicho langu. Ukizisugua dengu zilizoiva kwenye bakuli la maji, maganda yanaelea juu, unayaengua kwa mkono. Kwa bakuli moja ni dakika kumi. Watoto wanaweza kusaidia.

#5 Jiko la Nyuma

Sahihi kabisa dada, asante kwa kunirekebisha kwenye kusuuza. Nilisahau.

#6 Usiku Mrefu

Wakuu naombeni msaada wa haraka, niko jikoni sasa hivi. Mayonezi yangu imekatika. Ilikuwa nzito vizuri tu, nzito sana kwa kweli, nikaendelea kutia mafuta ili iongezeke, ghafla ikawa kama maziwa yaliyoganda ndani ya mafuta. Nina yai moja tu limebaki.

#7 Fundi wa Sosi

Lihifadhi yai lako, hulihitaji. Umesema ilikuwa nzito sana kabla ya kukatika. Maana yake matone ya mafuta yalijaa mpaka maji yaliyokuwa kati yake hayakutosha tena. Kiini cha yai kina lesithini (kitu kinachoshikisha mafuta na maji pamoja) ya kutosha kushika mafuta mengi kuliko tunavyodhani; kinachoisha kwanza ni maji.

Chukua bakuli safi. Weka kijiko kimoja cha chakula cha maji ya uvuguvugu. Sasa tia ile iliyokatika, nusu kijiko cha chai kwa wakati mmoja, ukipiga kwa mchapo wa waya bila kusimama. Usitie kingine mpaka cha kwanza kimepotea kabisa na kuwa rojo nyeupe. Ukifika kama robo ya bakuli na bado imeshika, unaweza kuongeza mwendo.

Ingekuwa haikushika tangu mwanzo, yaani ilikuwa maji matupu kutoka tone la kwanza la mafuta, hapo ningekwambia anza na kiini kipya na haradali kijiko kimoja cha chai, halafu uingize ile iliyoharibika tone kwa tone.

#8 Usiku Mrefu

Imerudi!!! Fundi, Mungu akubariki. Imekuwa nyeupe na laini kuliko hata mwanzo. Sikujua maji yanaweza kuokoa mayonezi.

#9 Fundi wa Sosi

Hongera sana. Mambo mawili kwa ajili ya mara ijayo. Mayonezi nzito ina mafuta kati ya asilimia 65 na 80 hivi, kwa hiyo ukiona mwiko unaacha alama zisizofutika na unataka kuendelea na mafuta, tia kwanza kijiko cha chai cha maji au limau. Pili, kama unatumia blenda ya mkono, tafuta chombo chembamba ambacho kichwa cha blenda kinaenea chini bila nafasi kubwa. Yai chini, mafuta juu, subiri yatulie, shusha blenda mpaka iguse kitako na usiinyanyue kwa sekunde 20 za kwanza. Nyanyua pole pole ukiona weupe unapanda.

Mafuta ya zeituni yale mabichi yenye harufu kali yasisagwe kwa visu vya blenda, mara nyingi yanageuka machungu. Tumia mafuta yasiyo na ladha kali, ya zeituni koroga kwa mkono mwishoni. Na kwa kuwa yai ni bichi, kama kuna mjamzito, mtoto mdogo au mzee mezani, tumia mayai yaliyopasteurishwa, yaani yaliyopashwa moto kiasi cha kuua vijidudu bila kuiva.

Usiigandishe kwenye friza. Barafu inapasua kila kitu ulichojenga.

#10 Chumvi Kidogo

Mimi dipu ya mtindi na tango. Jioni ni nzuri, baada ya saa moja kuna bwawa la maji juu.

#11 Mama Wawili

Tango ni maji kwa asilimia 95 hivi. Ukilikuna na kulitia chumvi ndani ya mtindi, chumvi inaendelea kuyavuta hayo maji nje, na yanaingia kwenye dipu yako. Kwa hiyo yavute kabla: likune tango, tia chumvi, liache kwenye chujio dakika 15 hadi 20, kisha likamue kwenye kitambaa safi kwa nguvu zako zote. Utashangaa glasi ya maji itakayotoka. Punguza chumvi ya dipu maana tango tayari linayo.

Mtindi nao uchuje kwenye kitambaa ndani ya friji saa mbili hadi nne. Soma kibandiko kwanza. Uliotiwa wanga au jelatini hauchujiki vizuri.

Na tafadhali, mtindi usiingie kwenye blenda. Uzito wa mtindi ni wavu wa protini, ukishaukata na visu haurudi. Kunja tango ndani kwa kijiko, taratibu. Kama umeshaupiga na umekuwa mwepesi, uchuje tena usiku kucha, utapata nafuu.

Mchicha na mboga nyingine za majani kwenye dipu ni hivyohivyo. Kamua, kamua tena.

#12 Rafiki wa Jibini

Na jibini je? Nayeyusha, inakuwa nyuzi na donge moja, mafuta yanaelea pembeni. Nikiongeza maziwa, donge linaogelea tu ndani ya maziwa.

#13 Fundi wa Sosi

Hapa ni moto. Jibini ni protini zilizofungwa pamoja na kalsiamu, mafuta na maji vikiwa vimenaswa ndani. Moto ukiwa mkali protini zinajikunyata na kuyakamua mafuta nje. Zikishajikunyata sana, maziwa hayaingii tena, ndicho ulichokiona.

Njia ya kawaida ya nyumbani: ikune jibini mwenyewe, ipake wanga wa mahindi (ule unga mweupe unaoteleza vidoleni) kijiko kimoja cha chakula kwa gramu 225 hivi. Pasha maziwa ya kopo yasiyo na sukari mpaka yaanze kutoa mvuke, punguza moto mpaka karibu kuzima, tia jibini konzi kwa konzi huku unakoroga. Jibini changa zenye unyevu huyeyuka kwa hiari. Zile kavu zilizokaa muda mrefu ni kaidi, zichanganye na changa.

Njia ya pili ni sitrati ya sodiamu, chumvi inayoinyang'anya jibini ile kalsiamu ili protini zilegee na kushika mafuta na maji kwa pamoja. Walter Gerber na Fritz Stettler waliitumia kule Uswisi mwaka 1911 walipotengeneza jibini ya kusindikwa. Kwa gramu 200 za jibini, gramu 4 hadi 5 zinatosha, uziyeyushe kwanza kwenye maji au maziwa ya moto. Fomula yake ni Na₃C₆H₅O₇. Ziondoe namba, herufi zinasomeka NaCHO, yaani nacho, zile chipsi za mahindi zinazoliwa na dipu ya jibini. Nilipoligundua hilo nilifurahi siku nzima.

#14 Rafiki wa Jibini

Na hili donge nililonalo sasa?

#15 Fundi wa Sosi

Toa motoni, lipoe kidogo. Weka kwenye blenda na maziwa ya moto vijiko vitatu na limau kijiko kimoja cha chai, saga. Litapata unafuu mkubwa, ila usitegemee ulaini wa lililoyeyushwa vizuri tangu mwanzo. Protini iliyokaza sana haifunguki yote.

#16 Kitunguu Saumu

Nami nina swali. Dipu ya viazi na kitunguu saumu. Nimesaga kwenye blenda ili iwe laini, imekuwa gundi. Inavutika kama ubani wa kutafuna.

#17 Jiko la Nyuma

Pole ndugu yangu. Hili nalisema kwa masikitiko maana lilinikuta mbele ya watu: gundi ya viazi hairudi. Visu vya blenda vimepasua vifuko vya wanga na wanga wote umemwagika nje. Si maji, si mafuta, si limau vitakavyoirudisha. Changanya na yai na unga kidogo, kaanga vidonge, mle. Mara nyingine ponda viazi vikiwa vya moto kwa mwiko, kinu au chujio, kisha uvikunjie kitunguu saumu na mafuta kwa mkono.

Kama ile ya mtindi, hii nayo ni dipu ambayo nawaambia watu waiweke blenda mbali kabisa.

#18 Chumvi Kidogo

Na gwakamole mkuu? Yangu inageuka nyeusi na inakuwa na majimaji.

#19 Jiko la Nyuma

Majimaji ni nyanya. Toa mbegu na ule ute wake, tumia nyama tu. Ponda parachichi kwa uma, acha vipande vipande, ukisaga sana linakuwa kama losheni. Weusi unaletwa na kimeng'enya kinapokutana na hewa. Limau linakipunguza kasi, na karatasi ya plastiki iliyobanwa juu ya dipu yenyewe, bila nafasi ya hewa, inafanya kazi kubwa zaidi. Kuiacha kokwa ndani hakusaidii isipokuwa pale kokwa lilipokalia.

Parachichi likiwa halijaiva, acha. Hakuna dawa.

#20 Mama Wawili

Nimeona biringanya haijaguswa na mimi ndiyo naipenda kuliko zote. Choma mpaka ilegee kabisa, ibonyee yenyewe. Ikibaki ngumu karibu na kikonyo, dipu itakuwa na nyuzi na uchungu. Kisha weka nyama yake kwenye chujio nusu saa, iachie maji. Wengi wanaruka hapa. Kata kwa kisu juu ya ubao, usisage. Halafu tahini unaipiga ndani kidogo kidogo kwa uma, kama mafuta kwenye mayonezi. Inanyanyuka, inakuwa na hewa ndani. Ukiona inataka kukaza, kijiko cha maji, kama alivyosema mwanzisha uzi.

#21 Mgeni Jikoni

Narudi na majibu. Jana usiku nilichemsha dengu na magadi, nikasuuza, nikaanza na tahini na maji ya barafu. Ilivyojikaza niliogopa sana ila nikaendelea kutia maji, ikaachia kweli, nyeupe kabisa. Humusi ilitoka laini sijawahi kuona, mume wangu aliuliza nimenunua wapi. Nikaiweka kwenye friji kwa furaha. Leo asubuhi nimefungua, imekaza tena, kijiko kinasimama. Nimekosea wapi?

#22 Jiko la Nyuma

Hujakosea popote. Wanga wa dengu ukipoa unakaza, na baridi ya friji inaukaza zaidi. Ndiyo maana humusi ya kulaza inatakiwa iachwe nyepesi kidogo kuliko unavyotaka kuila, iwe inatiririka kwenye kijiko. Hiyo ya leo itoe nje nusu saa, ikoroge kwanza bila kutia kitu, maana mara nyingi kukoroga tu kunatosha. Ikibaki nzito, maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja kimoja. Mafuta yamwagie juu wakati wa kuiweka mezani.